Tabia za Wapigaji Zimo Mfukoni mwa Mwenye Harusi

Mombasa ukitaja kikundi cha taarab, sifa za watu hutangulia majina yao. Mwimbaji ana maringo na hapandi jukwaani mpaka aitwe mara tatu. Mpiga udi ni mtulivu, mtu wa vitabu, wa kuitwa ustadhi. Mpiga fidla ana hasira za karibu. Mpiga kinanda ni mjanja wa mitambo, na kikundi kingine kikimwongezea kidogo atahama usiku huohuo. Mpiga besi hana neno. Mpiga ngoma, iwe dumbaki, bongo au tabla, ni mhuni wa kuchungwa. Mtunzi wa shairi hana sifa njema wala mbaya, maana hata jukwaani hayupo. Na mwimbaji akiwa mwanamke huongezewa neno jingine, lile linalosemwa akishaondoka. Wazungu nao wana orodha yao ya bendi za roki, na inakaribiana mno na hii yetu: mwimbaji anajipenda, mpiga gitaa la solo anagombana naye, mpiga besi hakumbukwi, mpiga dramu ndiye mpumbavu wa kila mzaha. Watu wa mbali namna hiyo wakifikia maneno yaleyale, ni rahisi kudhani kuwa kuna ukweli ndani yake, kwamba chombo humchagua mtu wa tabia yake. Mimi naona kuna ukweli, ila uko kwingine. Sifa hizi hazitoki kwenye ngozi ya ngoma wala kwenye nyuzi za udi. Hufuata njia inayopitwa na pesa na heshima, na kikundi kikibadili namna ya kugawa vitu hivyo viwili, tabia za wapigaji nazo hubadilika.

Tuanze na ngoma, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa zaidi. Kama ngoma yenyewe ingezaa uhuni, basi ingeuzaa kila inakopigwa. Burundi ngoma ya karyenda ilikuwa alama ya ufalme, na ngoma za Kirundi zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2014. Buganda ngoma za mujaguzo ni mali ya Kabaka na zina walinzi wake. Bara Hindi mpiga tabla hodari huitwa ustadh kama mwimbaji yeyote, na Zakir Hussain, aliyefariki Desemba 2024, alijaza kumbi za dunia nzima akiwa na tabla zake mbili mbele yake. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa pwani kwetu, ngoma na siwa, lile baragumu la watawala, vilikuwa vyombo vya enzi. Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma zake na siwa zake, na siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa hadi leo kwa kuwa bila hizo hakukuwa na utawala wala harusi ya kiungwana. Aliyeruhusiwa kugusa vyombo hivyo hakuwa mtu wa kuokotwa njiani.

Kilichobadilika ni makao ya enzi. Katika karne ya 19 utawala ulihamia kwa masultani wa Unguja, na inasimuliwa kuwa ni Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyeleta muziki wa Kimisri katika jumba lake. Udi na kanuni vikaingia sebuleni pamoja na mazulia. Ngoma ikabaki kiwanjani, na kiwanjani wakati ule walikuwepo watumwa na watoto wao. Hapa pwani ya Kenya hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1907. Kwa hiyo mtu anaposema leo pale Kibokoni kwamba mpiga udi ni mstaarabu na mpiga dumbaki ni mhuni, anarudia, bila kujua, mgawanyo wa zamani wa nani aliketi ndani na nani alisimama nje. Chombo kinabeba ukoo tuliokipa sisi, na anayekipiga anaurithi ukoo huo hata kama yeye ni hafidhi wa Kurani asiyekosa sala ya alfajiri.

Jaribio la pili ni kutazama tabia ileile ikihama kutoka chombo kimoja hadi kingine. Katika taarab ya Mombasa maringo ni ya mwimbaji. Katika muziki wa dansi maringo ni ya mpiga solo. Franco, aliyekuwa na OK Jazz tangu ilipoanzishwa Kinshasa 1956, alikuwa mpiga gitaa, na waimbaji walikuja na kuondoka chini yake. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, alikuwa mwimbaji, lakini sifa iliyomtangulia popote ilikuwa ya vidole vyake. Alipofariki hapa Mombasa kwa ajali ya gari Januari 1979, mashabiki wa Tanzania na Kenya walililia gitaa lake kama walivyoililia sauti yake. Kwa nini gitaa la dansi limletee mtu ukubwa ambao fidla ya taarab haimletei? Vyote viwili vina nyuzi, vyote vinahitaji miaka ya kujifunza. Tofauti ni kwamba katika dansi mpiga solo ndiye mara nyingi aliyemiliki bendi au aliyevutia watu mlangoni, na aliyeshika mlango alishika mgao.

Katika taarab yetu mlango ni harusi. Anayelipa ni mwenye harusi, na juu ya malipo hayo kuna fedha za kutuza, ambazo wageni humpelekea mwimbaji mkononi, mbele ya macho ya wote, beti ikiwachoma au ikiwafurahisha. Hakuna mgeni anayenyanyuka na kibunda chake akampelekee mpiga besi. Sasa mtazame mwimbaji huyu kwa macho ya mhasibu. Kila dakika aliyo jukwaani ina thamani, kila dakika ya kusubiriwa inaipandisha, na akijionyesha anaongeza tuzo. Akichelewa na kuringa, anafanya biashara ambayo sisi wateja tumemfundisha. Mpiga ngoma naye amepatana malipo yake kabla ya magharibi, hayaongezeki wala hayapungui, na atapiga mpaka watu wachoke. Tukimkuta nje akivuta sigara huku mwimbaji akibembelezwa, tunasema ndiyo tabia ya wapiga ngoma. Mtu asiye na cha kupoteza wala cha kuongeza atasimama wapi zaidi ya hapo?

Hata majina ya vikundi yanaeleza jambo hili. Kanda zilizorekodiwa na kuuzwa mjini hapa tangu miaka ya 1970 zilibandikwa jina la mtu mmoja na kundi lisilo na sura nyuma yake: Maulidi na wenzake, Zuhura na wenzake, Zein na wenzake, wenzake hao wakiitwa tu kwa jumla “party”. Zein l’Abdin ni mfano mzuri kwa kuwa anavuruga orodha yote. Alikuwa mpiga udi, tena mmoja wa wakubwa wa Afrika Mashariki nzima, lakini pia aliimba na aliongoza kikundi. Je, utulivu wake ulitoka kwenye udi, au ulitoka kwenye ukweli kwamba hakuwa na wa kugombania naye kipaza sauti? Mimi naelekea kwenye jibu la pili. Zuhura Swaleh naye sauti yake inajulikana hadi Ulaya, lakini ladha ya nyimbo zake za chakacha imesimama juu ya taishokoto, kile chombo chenye vibonye kama taipureta kilichobuniwa Japani mwanzoni mwa karne iliyopita. Wanaoweza kuimba nyimbo hizo kwa moyo mjini ni maelfu. Wanaoweza kukuambia ni vidole vya nani vilivyopiga taishokoto hawatajaza meza moja ya mkahawa.

Najua mpenzi wa taarab atanijibu nini. Atasema taarab ni maneno. Watu hawaendi kusikiliza ngozi ikigongwa, wanaenda kusikia fumbo, na aliyebeba fumbo ni mwimbaji, basi na heshima iwe yake. Hoja hii ina nguvu, na nusu yake nakubaliana nayo. Lakini ikifuatwa mpaka mwisho inamwangusha aliyeileta. Kama ni maneno, mwenye maneno ni mtunzi. Nyimbo nyingi zilizompa jina mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki 2014, zilitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir wa hapahapa Mombasa, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa 1971. Zein aliimba tungo za malenga wa Lamu kama Ahmed Sheikh Nabhany. Kama heshima ingefuata maneno, mgeni mwenye kibunda angeuliza kwanza mtunzi kaketi wapi. Haulizi. Ahmad Nassir tunamjua kwa sababu alichapisha kitabu na kitabu kikaingia shuleni. Watunzi ambao hawakuchapisha wamepotea ndani ya sauti za wengine. Tunayemtuza ni yule anayeonekana akisema maneno, na kuonekana ni jambo la taa na kipaza sauti, si la ushairi.

Turudi kwenye ile orodha ya Wazungu. Mwanamuziki wa roki aliyevuma kuliko wote waliozaliwa kwenye mwambao huu ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja 1946 na kujulikana duniani kama Freddie Mercury wa Queen. Ukimtazama yeye peke yake utaapa kuwa orodha ya Wazungu ni kweli: mwimbaji tausi kuliko tausi. Tazama basi wenzake watatu. John Deacon, mpiga besi, mkimya wa kupigiwa mfano, ndiye aliyetunga Another One Bites the Dust, iliyoshika nafasi ya kwanza Marekani 1980. Roger Taylor, mpiga dramu, alitunga Radio Ga Ga ya 1984. Brian May, mpiga gitaa, alitunga We Will Rock You, na 2007 alipata shahada ya uzamivu ya fizikia ya nyota London, akiwa na umri wa miaka 60. Mpiga besi asiyekumbukwa na mpiga dramu mpumbavu walilisha bendi nzima. Tena kuna jambo moja katika historia yao ambalo kila kiongozi wa kikundi hapa Mombasa angepaswa kulisoma. Kwa miaka mingi kila wimbo wa Queen ulisajiliwa kwa jina la aliyeutunga, na fedha za utunzi zikamfuata yeye, na ugomvi haukuisha. Kwa albamu ya The Miracle ya 1989 waliamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la Queen, na mgao uwe sawa kwa wanne. Wenyewe walieleza baadaye kuwa uamuzi huo uliwaondolea sehemu kubwa ya mivutano. Hakuna aliyebadili chombo wala moyo. Kilichobadilika ni karatasi ya malipo.

Kuna wanaodai kuwa chombo, japo hakimzai mtu, humfinyanga. Mtu aliyeshinda miaka 20 akitafuta sauti kwenye fidla isiyo na alama za kumwongoza vidole lazima awe mwepesi wa kuudhika, na mtu anayetumia mabega na viganja usiku kucha lazima awe mkavu. Si dai la kupuuzwa. Mwanasaikolojia John Booth Davies aliwahoji wapigaji wa okestra ya Glasgow katika miaka ya 1970, akakuta wapiga nyuzi wakiwaona wapiga tarumbeta kuwa walevi wenye kelele, na wapiga tarumbeta wakiwaona wapiga nyuzi kuwa watu wa kujishaua. Huo ni ushahidi wa jinsi makundi yanavyoangaliana kutoka viti tofauti. Hauthibitishi kilichomo ndani ya mtu. Na tukikubali kwamba kazi humfinyanga mtu, tufuate basi kazi yenyewe ya ngoma inavyodai. Mpiga dumbaki ndiye anayeshika mwendo wa kikundi. Akitetereka, fidla zinapishana, mwimbaji anakosa pa kuingilia, wachezaji wa chakacha wanakwama kiunoni. Anatakiwa awe macho kuliko wote, asikilize wote, na asijionyeshe. Kama kazi ingemfinyanga, ingemfanya kuwa mwenye nidhamu kupita jukwaa zima. Sifa ya uhuni imekwenda kinyume kabisa na kazi hiyo, na hapo ndipo unapoona kuwa haikutokana nayo.

Neno lile wanalobandikwa waimbaji wanawake linahitaji kauli yake, kwa sababu lenyewe linavunja nyumba. Mwanamume akiimba mapenzi mbele ya hadhara anasifiwa kwa kumjua mpenzi. Mwanamke akiimba beti zilezile anadhaniwa kuwa anajitangaza. Watetezi wa dhana hii husema wanalinda heshima ya mji na dini, kana kwamba wanawake kushika muziki ni jambo geni lililoletwa na kanda. Historia haiko upande wao. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, alieleza kwa urefu vyama vya lelemama vilivyoendeshwa na wanawake wenyewe, vyenye viongozi, michango, mashindano na ngoma zao. Mama zetu na bibi zetu walipiga pembe za vugo. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi 1928, na Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, alipiga msondo mpaka uzeeni. Unguja leo kikundi cha Tausi ni cha wanawake wanaopiga vyombo wenyewe, na Siti Amina anaimba akiwa na udi mapajani. Sioni kwamba ngozi au waya umewaharibia tabia. Ninachoona ni kwamba mwanamke akishika chombo anashika pia mgao wake, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Wengine wataniambia nimechukua mzaha nikaufanya kesi. Pwani ni nchi ya utani. Watu wa mtaa wa Kuze na wa Mkanyageni wameraruana kwa maneno vizazi na vizazi na bado wanazikana. Nakubali. Lakini utani una sharti lake: watani hurudishiana. Mpiga ngoma akimtania mwimbaji kwa maringo, harusi ijayo hatoitwa. Mwimbaji akimtania mpiga ngoma kwa uhuni, watu wanacheka na malipo ya mpiga ngoma yanashuka. Mzaha unaokwenda upande mmoja tu ni bei inayopangwa kwa kicheko.

Na bei hiyo tumeishailipa. Kwa miaka kadhaa sasa harusi nyingi za mjini zimekuwa na kinanda kimoja chenye ngoma, besi na fidla ndani yake, mwimbaji, na spika. Watu hulaumu teknolojia na gharama, na gharama ni kweli. Kuwalipa watu kumi si sawa na kuwalipa wawili. Ila angalia walioondolewa kwanza. Waliondolewa wale tuliokuwa tumekwisha kuwaambia kwa miaka kwamba kazi yao ni kugonga tu, kwamba wanachofanya kinaweza kufanywa na yeyote. Ukishamwita mtu kigongo, mashine ya kugonga ikija huna la kumtetea. Linganisha na Unguja, ambako Nadi Ikhwan Safaa imeishi tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958. Zanzibar pia vinanda vinauzwa, na taarab ya kisasa imejaa huko. Lakini vile ni vilabu. Mpiga fidla ni mwanachama, ana sauti kwenye kikao, na jina lake liko kwenye daftari. Fidla zimebaki kwa sababu wapigaji wake walikuwa sehemu ya chombo kinachoamua. Hapa kwetu kikundi kilikuwa mali ya mtu mmoja anayeishi kwa harusi, na harusi ilipobana, aliwapunguza wasio na jina.

Jina linarudi hapa kwa njia kavu kabisa, ya sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mtunzi, na inamlinda pia mtendaji, yaani yule aliyepiga au kuimba kwenye rekodi. Vyama vya kukusanya mirabaha vikagawanyika hivyo: MCSK kwa watunzi na wachapishaji, PRISK kwa watendaji, KAMP kwa watayarishaji. Migogoro ya vyama hivi na leseni zao ni habari ndefu na haina sifa njema, lakini msingi wake unamfaa mpiga dumbaki kuliko desturi yetu yoyote: aliyepiga anahesabiwa. Lakini anahesabiwa kwa sharti kwamba imeandikwa kuwa alipiga. Rekodi za Mombasa za miaka ya 1970 na 1980 zinachezwa mpaka leo, na katika nyingi ya hizo hakuna karatasi inayosema nani alishika besi. Baadhi ya wapigaji hao wako hai, na wenzao wanaoweza kuwashuhudia wako hai. Miaka kumi ijayo haitakuwa hivyo.

Kazi ya kuyaandika majina hayo haihitaji wizara. Inahitaji watu wachache wenye kanda za zamani na simu, wakae na wazee wa vikundi, wimbo kwa wimbo. Redio zetu nazo zinaweza kuanza kesho. Mtangazaji wa kipindi cha taarab akishataja mwimbaji, na amtaje mtunzi, mpiga fidla na mpiga ngoma. Nikiambiwa muda hautoshi nitashangaa, maana vipindi hivyohivyo husoma salamu za wasikilizaji, fulani wa Kisauni akimsalimu fulani wa Likoni na mkewe na watoto na majirani, robo saa nzima bila kupumua. Majina ya wapigaji wa wimbo mmoja hayazidi kumi.